Usinijibu Salama Tu

Mwanangu Mwanaidi,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili na mara mbili nimeikata. Kwanza, wewe hujawa mbali. Uko hapo Kitete kwa msusi, umekalishwa kwenye kigoda unavutwa kichwa, na utarudi kabla ya magharibi ukilalamika kwamba amekukaza. Pili, mimi si mzima kiasi hicho. Basi tuanze bila salamu, Mungu atatusamehe.

Mambo ya safari tumeshayasema hadi umechoka kuyasikia. Pasipoti unajua ilipo. Lile sweta ulilolikataa nimelirudisha kwenye begi, na ukilitoa nitalirudisha tena. Ninachotaka kukuandikia ni jambo la juzi jioni, ulipokaa ukingoni mwa kitanda ukisoma ujumbe wa chuo kwenye simu. Nilikuona unasoma, unarudi juu, unasoma tena. Nikakuuliza wamesemaje. Ukaniambia kwamba ukifika China utawekwa kwanza karantini, chumba cha hoteli, peke yako, chakula wanakiacha mlangoni wanagonga wanaondoka. Ukitoka hapo, huo mji wenyewe bado wanafungiana. Akionekana mgonjwa mmoja mageti ya chuo yanafungwa, na hakuna anayejua yatafunguliwa lini. Ulisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikakuuliza, "Na wewe unaonaje?" Ukajibu, "Salama tu, mama." Halafu ukajilaza, ukageukia ukutani.

Nilikwenda jikoni nikasimama nimeshika mlango. Mgongo ule naujua, Mwanaidi. Niliuona mwaka ule wa korona, baba yako alipofariki, na wakati ule nilikuwa nauangalia kila siku na kuusifu. Miaka miwili umekuwa ukisoma kwa simu hapa nyumbani, ukisubiri wafungue mipaka, na nilidhani mgongo ule umekwisha. Sasa naogopa. Naogopa utafungiwa nchi ya watu, utageukia ukuta, na safari hii hakuna wa kukugeuza. Ndiyo maana naandika badala ya kukanda unga wa maandazi yako ya njiani.

Mengi ya mwaka ule unayajua, ulikuwepo. Lakini ulikuwa chini kabisa, na mtu akiwa chini hivyo haoni walio juu wanafanya nini. Acha nikuhadithie upande wangu.

Shule zilipofungwa ulikuwa kidato cha sita, ukarudi kutoka bwenini na tranka lako. Baba yako alikupokea stendi akalibeba begani, wakati daktari alishamwambia presha yake haitaki mizigo. Ukamwambia, "Baba, acha, nitabeba," akakwambia seremala hanyang'anywi mbao. Wiki haikuisha akaanguka karakana, mkononi ana randa. Tulimzika harakaharaka, watu wachache, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake na barakoa yake. Hata mikono hawakupeana. Matanga hayakukaliwa. Wanawake walinipa pole kutoka barazani wakaondoka, na nyumba ikabaki na sisi wawili.

Nami nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Hilo ni langu, nililipokea, na sikulalamika. Nje mji uliendelea. Soko lilikuwa wazi, kila mlango una ndoo ya kunawia, na jioni watu wakijifukiza nyungu hadi mtaa mzima ukanuka mchaichai na mwarobaini. Nchi yetu haikufungiwa kama walivyofungiwa wengine. Nyumba yetu ndiyo iliyofungwa, na aliyeifunga ni mimi.

Nilifunga dirisha la mbele. Redio nikaizima na kuifunika kitambaa. Bao la baba yako nikalipandisha juu ya kabati. Nikakwambia usisuke, usiimbe ukiosha vyombo, na rafiki zako walipokuja kukuulizia niliwajibu kutoka ndani kwamba umelala. Sikufanya kwa ukatili. Nilipokuwa mdogo babu yangu alifariki, na nyumba ilinyamazishwa hivyohivyo, watoto tukifinywa tukicheka. Nikakua nikidhani kwamba heshima ya marehemu hupimwa hivyo, nyumba ikizidi kunyamaza ndivyo alivyopendwa zaidi. Na mimi baba yako nilimpenda mno, kwa hiyo nilitaka ukimya mwingi.

Na wewe ukatii. Ee Mungu, ulivyotii! Ulikuwa unaamka, unafagia, unarudi chumbani. "Umeamkaje?" "Salama, mama." "Umesoma?" "Salama." Siku moja nikakuuliza, "Umekula?" ukanijibu "Salama," na mimi sikushtuka! Sahani ilirudi nusu, nikaifunika. Nywele zako zikashikana, nikasema huo ndio msiba wenyewe. Wanawake waliposimama nje ya dirisha kunijulia hali niliwaambia kwa majivuno kwamba binti yangu ana adabu ya msiba, hata meno yake hayaonekani. Wakanisifu kwa malezi. Nilifurahi, Mwanaidi. Huko ndani ulikuwa unazama, na mama yako amekaa sebuleni anapokea sifa.

Kuna la Mama Zarina pia, ambalo hadi leo likinijia nikiwa nakaanga vitumbua naunguza. Unajua ukuta wa uani ni mmoja kati yetu na wao, na lile bakuli lake la bati lenye maua mekundu limevuka ukuta huo tangu nimeolewa. Likija na kachori linarudi na vitumbua. Likija na mchuzi wa dengu linarudi na viazi vitamu. Hakuna aliyewahi kukaa akafundisha kwamba bakuli la jirani halirudi tupu, lakini kila mtoto wa mjini hapa anajua. Basi siku chache baada ya mazishi bakuli likaja na biriani. Nikaogopa. Watu walikuwa wanasema ugonjwa umeletwa na wageni, na mimi kwa upuuzi wangu nikamhesabu mgeni jirani Mhindi ambaye babu yake amezikwa hapahapa Tabora. Chakula nikakimwaga. Bakuli nikalisugua kwa majivu na sabuni, nikaliweka juu ya ukuta, tupu.

Alilichukua. Tangu siku hiyo upande wa pili ukawa kimya, na nikajiambia vizuri, hata majirani sasa wanaheshimu msiba.

Shangazi yako Mwajuma alikuja bila kuitwa. Mazishi yalimpita kwa kuwa basi la Urambo siku ile halikupatikana, na baadaye ilikuwa kazi ya tumbaku. Alipopata nafasi akaja na mfuko wa karanga na galoni la asali, na kelele zake. "Mwangaluka hapa!" akapiga salamu ya Kinyamwezi kutoka barabarani, mtaa mzima ukasikia. Nikaweka kidole mdomoni kumwonya. Wewe ukatoka, ukapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa?"

"Salama."

Alikutazama kama anavyotazama jani la tumbaku kabla hajalipanga daraja, juu, chini, akaligeuza. Ulipoingia ndani akanigeukia.

"Wifi, huyu mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi. Ana msiba."

"Msiba wa nani?"

"We Mwajuma! Wa baba yake."

"Baba yake ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Na mimi leo nimecheka kwenye basi hadi kondakta akaniuliza kama ni mzima. Wifi, eda ni yako wewe. Huyu umemweka eda ya nani?"

Nikasema kitu kuhusu heshima. Akanikata.

"Mimi nimesoma chuo kimoja cha Kurani na wewe, kwa mwalimu yuleyule na fimbo yake. Mke ana eda yake. Wengine wote ni siku tatu. Umemfungia mtoto kifungo ambacho Mungu mwenyewe hakumpa."

Nilitaka kumjibu, maana unajua nisivyopenda kushindwa na wifi yangu. Nikaenda chumbani nikakaa kitandani, nimenuna.

Baada ya alasiri akatandika jamvi uani, akaliteremsha bao, akakuita. Ulikwenda kwa adabu kama unakwenda kuchapwa. Mimi nikasikiliza kupitia mlango. Hakukuuliza una nini, wala hakukwambia ujikaze. Alianza tu kupanga kete, na huku anapanga akaanza habari za baba yako na kitanda cha bwana harusi wa Nzega. Kitanda cha mninga, alisema, nguzo nne za kuchonga, kazi ambayo kaka yake hajawahi kuifanya kabla. Alimpima bwana harusi. Akampima bibi harusi kwa kumkadiria, maana hakuruhusiwa kumsogelea. Kitu kimoja tu hakukipima, mlango wa karakana. Siku ya kukitoa, gari linasubiri, vijana sita wamekibeba, kitanda hakipiti. Wakakilaza ubavu, wakakisimamisha, hakipiti. Na kaka yake amesimama pale na penseli sikioni, anawaambia watu wazima, "Huu mlango umesinyaa. Ni mvua za mwaka huu."

Ukacheka.

Nakuambia ukweli, nilipokisikia kicheko chako jambo la kwanza lililonipanda ni hasira. Nilihisi kama mmemkanyaga. Nikainuka nije niwanyamazishe wote wawili, na nilipofika mlangoni kicheko kilikuwa kimeshageuka. Ulikuwa unalia kilio ambacho hukulia siku ya mazishi, umemlalia shangazi mapajani, kete zimemwagika, na yeye anakupapasa mgongo huku anaendelea na hadithi kana kwamba hajaona kitu: "Basi ikabidi wabomoe ukuta, tofali moja baada ya jingine, na bwana harusi anashika saa..." Nikakaa chini palepale kizingitini. Walipofika kwenye tofali la mwisho nilikuwa nacheka na kulia na sijui kipi kilitangulia.

Shangazi akatoa sheria yake siku hiyohiyo, na hii nadhani unaikumbuka. Alisema katika nyumba hii, mpaka yeye arudi Urambo, mtu akiulizwa habari haruhusiwi kujibu salama kabla hajatoa kwanza neno moja la kweli. Asubuhi ya kwanza ukasema umeamka una hasira na kitabu cha jiografia. Shangazi akasema yeye tumbo limemsokota, na anavishuku vitumbua vya wifi yake. Ilipofika zamu yangu nilitaka kusema salama, ulimi umeshazoea huko. Nikasema nimeamka nikapeleka mkono upande wa kitanda wa baba yako. Hakuna aliyesema pole. Shangazi alinimiminia chai tu, tukanywa.

Siku iliyofuata neno langu la kweli lilikuwa la bakuli. Shangazi, ambaye ana maneno ya kila kitu, aliweka kikombe chini, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Wewe ndiye uliyekwenda kuchukua ngazi ya baba yako, ukaiegemeza ukutani, ukapanda na nywele zako zilizoshikana, ukaita, "Mama Zarina! Mama anaomba umwazime bakuli lako." Sikukutuma hivyo. Ilikuwa akili yako mwenyewe, na ni akili kubwa, maana mtu hawezi kurudisha bakuli limejaa kama hajaliazima. Ilichukua muda. Kisha mkono ukatokea juu ya ukuta, bangili zinalia, na bakuli. Tukalijaza vitumbua vya moto, juu yake asali ya Urambo.

"Nilidhani umenisusa, mama Mwanaidi," alisema kutoka upande wa pili.

"Niliogopa."

"Hata sisi tunaogopa. Mzee wangu ana pumu, hatulali. Lakini tunakula huku tunaogopa."

Usije ukadhani nakuhadithia haya ili niseme kwamba baadaye tukawa na furaha. Hatukuwa. Siku ziliendelea kuwa ndefu. Kati ya alasiri na magharibi hasa, kazi zimekwisha na giza bado, nilikuwa natembea uani kama mbuzi aliyefungwa kamba, nikiwaonea wivu watu wanaopita barabarani kununua mafuta ya taa. Nilihesabu siku za eda kwa maharage, kila siku harage moja kwenye kopo, na kila nilipoyamwaga kuyahesabu yalionekana machache. Nilikuwa nayahesabu mara mbili kwa siku. Shangazi yako alivumilia, kisha siku moja akayapika. Aliyaweka mezani na nazi, akaniambia, "Kula siku zako, wifi." Nilimkasirikia hadi usingizi, lakini sikuanza kopo jingine.

Kilichotusaidia kilikuwa kidogokidogo. Ulikuwa unanisomea baiolojia nikichagua mchele, nami nakuuliza maswali ya kijinga hadi unapandisha sauti. Ile sauti ya kunifokea kuhusu figo niliifurahia kuliko zile salama zako zote. Redio tulifungua kwa taarifa ya habari, kisha kwa nyimbo. Kuna siku zilikuwa mbovu toka asubuhi hadi kulala, na tulizisema kwamba ni mbovu.

Na eda ilipokwisha? Hili nadhani hukulielewa wakati ule, ulikuwa ndiyo umerudi kutoka kwenye mtihani. Nilioga, nikavaa gauni jipya, nikaja hadi mlango wa mbele. Mguu ukakataa. Muda wote ule nilikuwa nimeulilia mlango, na ulipofunguka nikasema jua kali, nitatoka kesho. Kesho nikasema kuna upepo. Nikakaa ndani kwa hiari yangu nikijiita mtulivu. Siku ya tatu ulichukua kikapu, ukanishika mkono kama mimi nilivyokushika siku ya kwanza ya shule ya msingi, ukasema, "Twende sokoni mama, nyanya zimekwisha." Nyanya zilikuwepo, niliziona chini ya meza. Nilikufuata.

Kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu aliyeshinda. Mimi nilitolewa. Nilitolewa na wifi mwenye kelele, na jirani niliyemkosea, na wewe na kikapu chako.

Bibi yangu alikuwa akisema kwamba bibi yake aliingia mji huu na msafara kutoka Manyema, wamebeba pembe, wanakwenda pwani. Wakafika hapa wakakuta njia imefungwa kwa vita. Wakaambiwa wasubiri kidogo. Huyo bibi alisubiri hadi akazikwa hapa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi yangu walisubirije, nikitegemea aniambie walikuwa mashujaa. Akasema walisubiri kwa kugombana, kulima viazi na kuoana. Nusu ya Tabora ni wajukuu wa watu waliokwama, mwanangu, na wengi wao hawakukwama kwa kupenda. Nilipokuwa eda nilimfikiria sana yule bibi. Sijui alikuwa na mtu wa kumuuliza habari zake kwa lugha yake au la. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha, si njia kufungwa.

Sasa nije kwako.

Najua kwa nini unaniambia salama. Si kwamba unanidanganya. Unaniogopea. Tangu baba yako aanguke umekuwa ukinibeba taratibu kama yai, na kila jambo zito unalificha mgongoni. Mimi si yai, Mwanaidi. Yai haliwezi kuandika barua ndefu namna hii.

Na mimi nikuambie nililotaka kukuficha. Juzi ulipolala nilitaka nikuzuie usiende. Nilikuwa na maneno tayari: chuo kipo hata Dodoma, hata Mwanza, mtoto wa kike peke yake, mama amebaki mwenyewe. Ningeyasema ungebaki, nakujua, ungebaki na ungesema salama tu. Asubuhi nikaenda kwa Mama Zarina kumwomba anisaidie kukushawishi, maana wewe unamsikia. Alikuwa anakata vitunguu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bila kuinua macho, "Ulishamfunga mara moja."

Nilikaa pale jikoni kwake nikalia, na wala havikuwa vitunguu. Basi akanyanyuka, akafungua kabati, akalitoa lile bakuli. Lina kutu kidogo ukingoni sasa, na ua moja limebanduka. Akaniambia, "Mpelekee. Mwambie si zawadi. Namwazima." Nimelifunga ndani ya khanga yangu ya zamani, liko chini ya lile sweta, na ndiyo sababu nyingine ya wewe kutolitoa sweta.

Unajua desturi ya bakuli hilo. Litarudi hapa siku moja mikononi mwako, lini sijui, na sitaweka maharage kwenye kopo. Lakini kabla ya hapo, kila nitakapokupigia simu, na nitakupigia, mimi nikiwa natoka kuswali alfajiri na wewe huko mchana, nitakuuliza habari. Ukinijibu salama tu, utakuwa umenirudishia tupu. Nitalipokea, kwa kuwa mimi ni mama yako, lakini nitakaa nalo siku nzima nikiligeuza. Tia chochote. Niambie chakula cha mlangoni kilikuwa kimepoa. Niambie umegombana na ukuta. Niambie leo hukuamka, hukuoga, hukufungua kitabu, na unachukia nchi yao na lugha yao. Sitakupa nasaha. Sitakwambia ujikaze, naapa, na nikisahau nikakwambia, nikumbushe vitumbua vilivyomsokota shangazi yako. Nitakusikiliza, kisha nitakueleza mlango wa nani umesinyaa mtaani.

Na ikitokea umegeukia ukuta, na itatokea, usione aibu. Ila ugeuke huku simu iko sikioni.

Nasikia mlango wa mbele. Umerudi, unalalamika kuhusu kichwa, sawasawa na nilivyosema. Unaniita, na nimekuitikia kwamba nakunja nguo, kwa hiyo lazima nimalize.

Kesho tutakuwa stesheni, na shangazi atakuwepo na kelele zake, na Mama Zarina, na watu wa mtaa. Treni itachelewa kama kawaida yake, kisha itakuja ghafla na kila mtu atasukumana. Utaning'inia dirishani na utaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nami, mbele ya watu wote wale, nitasema, "Salama tu mwanangu, kaa vizuri, shika begi lako." Ujue kwamba hilo ni bakuli tupu. Nisamehe, sitaweza jingine pale.

Jibu lenyewe ni hili, ndani ya barua hii nitakayoificha begini uisome njiani: siko sawa. Naogopa toka kichwani hadi kwenye nyayo. Nyumba itakuwa kubwa na sijui jioni nitaipitisha na nani. Na ninataka uende, Mwanaidi. Ninataka kabisa uende.

Mama yako.